Uzi Mweupe Kwenye Ncha ya Bawa

Kila mwezi wa Julai, ufukwe wa Pensacola katika jimbo la Florida, Marekani, hufurika watu waliobeba viti vya kukunja, miavuli na masanduku ya barafu. Wanakuja kuwatazama Blue Angels, kikosi cha maonyesho cha jeshi la majini, ambacho makao yake yako papo hapo Pensacola. Ndege zao za bluu na manjano, aina ya F/A-18 Super Hornet, hupita chini juu ya maji ya Ghuba ya Meksiko huku zikitikisa vifua vya watazamaji.

Mwenye macho makini ataona weupe wa aina tatu. Wa kwanza ni mistari minene inayozifuata ndege na kubaki angani kwa muda. Huo ni moshi wa kweli: mafuta ya jamii ya parafini hupulizwa penye mdomo wa moto wa injini ili rubani achore anga. Wa pili hutokea pale ndege moja inapopita karibu kabisa na maji kwa mwendo wa kama kilomita 1,100 kwa saa, pungufu kidogo tu ya mwendo wa sauti. Ghafla kiwiliwili chake huvishwa ukungu wenye umbo la pia ya kuchezea watoto, na kabla mtu hajamgusa jirani yake bega amwonyeshe, ukungu umeshapotea.

Weupe wa tatu ni mwembamba, na wengi huupita bila kuuona. Ni nyuzi mbili zinazochomoza kwenye ncha za mabawa, au kwenye mabega ya ndege karibu na chumba cha rubani, mara tu rubani anapokata kona kali. Nyuzi hizo hazitoki kwenye injini, wala hazitoki ndani ya ndege. Ni hewa ileile ya ufukweni wanayovuta watazamaji, ila imesokotwa. Kati ya weupe wote watatu, huu ndio unaoeleza ndege inavyobebwa angani.

Anayetaka kuuelewa aanzie kwenye friji ya dukani. Chupa ya soda baridi ikifunguliwa, shingoni mwake huchomoza kimoshi chepesi kinachokaa kitambo kidogo kisha kikatoweka. Hakuna kilichoungua. Gesi iliyokuwa imebanwa chini ya kizibo imepata nafasi, imetanuka, na kwa kutanuka imepoa. Mvuke wa maji uliokuwamo umegeuka vitone vidogo vinavyoonekana kama ukungu. Fundi baiskeli naye analijua jambo hilo kwa kidole chake: akibonyeza valvu ya gurudumu lililojaa upepo, hewa inayotoka ni ya baridi hata kama jua linawaka. Hewa ikitanuka ghafla hupoa, na hewa yenye unyevu ikipoa vya kutosha hutoa umande.

Ndiyo maana Pensacola inaonyesha nyuzi hizo vizuri kuliko sehemu nyingine nyingi. Tuchukue mchana wa Mombasa au Dar es Salaam, wenye unyevu kama wa Pensacola, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu wa hewa asilimia 80. Hewa ya namna hiyo iko ukingoni. Ikitanuka na kupoa nyuzi tano au sita tu, inaanza kutoa ukungu. Katika jangwa la Nevada, ambako jeshi la anga la Marekani hufanya mazoezi yake makubwa karibu na Las Vegas, joto lilelile la nyuzi 30 likiwa na unyevu wa asilimia 10 linahitaji kupoa zaidi ya nyuzi 30. Ndege ni ileile, rubani ni yuleyule na kona ni ileile, lakini jangwani anga hubaki tupu. Msokoto wa hewa upo pale pale, ila hauna maji ya kujionyesha.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyo ulioenea sana. Mistari mirefu inayoachwa na ndege za abiria juu kabisa ya anga ni kitu kingine. Mafuta ya ndege yakiungua hutoa maji, na maji hayo yakikutana na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi huganda kuwa chembe za barafu. Hiyo ni kazi ya injini. Na ile pia ya ukungu, ambayo watu huiita alama ya ndege kuvunja kizuizi cha sauti, si lazima iwe na maana hiyo. Tarehe 7 Julai 1999, baharia mmoja mpiga picha, John Gay, akiwa kwenye meli ya kubebea ndege USS Constellation katika bahari ya Pasifiki, aliinasa F/A-18 ikiwa katikati ya ukungu wa aina hiyo. Picha ikazunguka dunia nzima na kushinda tuzo ya World Press Photo, na hadi leo hutumwa kwenye simu na maneno kwamba “hivi ndivyo sauti inavyovunjwa”. Ukweli ni kwamba ukungu huo hutokea hata ndege ikiwa bado haijaufikia mwendo wa sauti. Kinachotakiwa ni hewa yenye unyevu itanuke na kupoa kwa ghafla inapopita kwenye kiwiliwili na mabawa.

Sasa turudi kwenye bawa lenyewe. Bawa huibeba ndege kwa sababu hewa ya chini yake inasukuma kwa nguvu kuliko ya juu yake. Tofauti hiyo ndiyo riziki ya ndege, na ndiyo pia inayoleta usumbufu, kwa maana hewa, kama maji, haivumilii tofauti ya mgandamizo palipo na upenyo. Upenyo upo kwenye ncha. Hewa ya chini huizunguka ncha ikikimbilia juu, na wakati huohuo ndege inasonga mbele. Basi hewa hiyo hujisokota nyuma ya ncha kama makumbi yanavyosokotwa kuwa kamba. Kinachozaliwa ni kisulisuli kilicholala ubavu, ndugu wa zile pepo za chamchela zinazonyanyua vumbi na karatasi uwanjani wakati wa kiangazi.

Katikati ya kisulisuli ndipo penye siri. Mtu akikoroga maji kwenye ndoo kwa kasi, yatapanda pembeni na kubonyea katikati, kwa kuwa mzunguko unayasukuma nje. Hewa nayo hufanya hivyo. Kitovu cha msokoto hubaki na mgandamizo mdogo mno, hewa iliyomo hutanuka, hupoa, na pakiwa na unyevu wa kutosha hugeuka nyeupe. Uzi unaoonekana ni kitovu hicho tu. Kisulisuli chenyewe ni kipana zaidi, nacho hakionekani.

Mwingereza Frederick Lanchester alieleza misokoto ya ncha za mabawa katika kitabu alichokichapisha mwaka 1907, miaka minne tu baada ya ndugu wa Wright kuruka. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Ludwig Prandtl na wenzake mjini Göttingen, Ujerumani, wakaiweka kwenye hesabu ambazo wanafunzi wa uhandisi wa ndege wanazisoma hadi leo. Jibu la hesabu hizo halikupendeza: kila bawa linalobeba mzigo hulipa ushuru. Nguvu inayozungusha hewa nyuma ya ndege imetoka kwenye mafuta ya ndege. Ncha zilizokunjwa kwenda juu kwenye Boeing 737 zinazotua Nairobi na Dar es Salaam ziliwekwa ili kupunguza ushuru huo.

Ushuru huongezeka kadiri bawa linavyobeba mzigo mkubwa, na hapa ndege za kivita zinaziacha nyingine zote nyuma. F-16 yenye tani 12 ikikata kona kwa nguvu ya mara tisa ya uzito wake, mabawa yale mafupi hubeba mzigo wa tani 108. Rubani wa kilo 70 huelemewa kitini kana kwamba ana kilo 630. Tofauti ya mgandamizo kati ya juu na chini ya bawa huwa kubwa kiasi kwamba mgongo mzima wa ndege huweza kufunikwa na ukungu, kama shuka iliyotandikwa na kuvutwa. Jua likiwa upande mzuri, vitone vya ukungu huo, vikiwa vidogo na vya ukubwa unaolingana, huonyesha rangi za upinde wa mvua juu ya chuma.

Mpaka hapo kisulisuli ni hasara tupu. Wabunifu wa ndege zenye kasi ndio walioigeuza hasara hiyo kuwa mtaji.

Tatizo lao lilikuwa hili. Bawa la kawaida likiinuliwa pua kupita kiasi, karibu digrii 15 dhidi ya upepo unaolijia, hewa ya juu yake hushindwa kuufuata mgongo wa bawa. Hubanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, na bawa likaacha kubeba. Mabawa membamba yaliyolazwa nyuma, yanayofaa kwa mwendo wa kasi, yalionekana kuwa balaa kwenye mwendo wa polepole. Lakini bawa la pembetatu lenye makali mbele huwa na tabia yake: hewa ikibanduka kwenye makali yale haitawanyiki, hujikunja na kuwa kisulisuli kinacholala juu ya bawa kwa urefu wake wote. Mgandamizo mdogo wa kitovu chake hulivuta bawa juu. Huko Farnborough, Uingereza, Dietrich Küchemann na Johanna Weber walikuwa miongoni mwa walioona kwamba jambo hilo linaweza kutegemewa, na Concorde ikajengwa juu ya wazo hilo. Kila mara Concorde ilipotua ikiwa imeinua kichwa, ilikuwa imening’inia kwenye visulisuli viwili.

Kwa ndege za kivita, njia ilikuwa ya pembeni kidogo, na mwanzo wake una uhusiano na Nanyuki. Kenya imekuwa ikirusha ndege za Northrop F-5 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kambi yake, ya Laikipia, iko Nanyuki. Anayeitazama F-5E kutoka juu ataona kipande kidogo chembamba cha pembetatu kinachounganisha bawa na kiwiliwili upande wa mbele. Kipande hicho kilionekana kuwa na faida kubwa kuliko ukubwa wake, kwa maana ndege ikiinua pua, makali yake huzalisha kisulisuli kinachopita juu ya bawa na kuishikilia hewa isibanduke. Watengenezaji wake, Northrop, wakaamua kukikuza. Katika michoro yao mipya kikawa bega pana lililotoka kwenye bawa na kwenda hadi ubavuni mwa chumba cha rubani, na ndege ilipotazamwa kutoka juu ilifanana na nyoka swila aliyetanua shingo. Wakaiita Cobra. Kutokana nayo ikazaliwa YF-17, ambayo mwanzoni mwa 1975 ilishindwa na YF-16 katika mashindano ya jeshi la anga la Marekani, kisha ikachukuliwa na jeshi la majini, ikanenepeshwa na kuimarishwa, na mwaka 1978 ikaruka kwa jina la F/A-18. Mabega ya ndege za Blue Angels ni wajukuu wa kile kipande kidogo cha F-5.

Warusi nao walifika hapo hapo. Su-27 na MiG-29 zina mabega mapana, na mwaka 1989, kwenye maonyesho ya Le Bourget karibu na Paris, rubani Viktor Pugachev aliiinua pua ya Su-27 hadi ikapita wima, ndege ikisonga mbele kwa tumbo, kisha akairudisha kwa utulivu. Wasweden walipita njia tofauti: Viggen yao, iliyoruka mara ya kwanza 1967, ilikuwa na mabawa madogo mbele ya makubwa, na misokoto ya yale ya mbele ilisaidia yale ya nyuma kiasi cha ndege kuweza kutua kwenye vipande vifupi vya barabara kuu.

Lakini kuona ukungu kwa bahati siku yenye unyevu hakumtoshi mhandisi. Huko kwenye kambi ya anga ya Edwards, jangwani California, hewa ni kavu, na NASA walihitaji kuuona msokoto kila siku ya kazi. Wakachukua F/A-18 moja iliyotumika zamani kwa majaribio ya jeshi la majini na kuiita HARV. Kati ya 1987 na 1996 iliruka zaidi ya mara 380. Kwenye ncha za mabega yake walitoboa vitundu vya kutolea moshi. Juu ya mabawa na mkia wakabandika mamia ya vipande vifupi vya uzi, kila kimoja kikiwa na kazi moja tu, kulala upande unakokwenda upepo. Nyuma ya injini waliweka mabamba ya chuma ya kuupinda moto, ili ndege iweze kutulia hata ikiwa imeinua pua karibu digrii 70.

Picha za safari hizo zinastahili kutazamwa taratibu. Moshi unatoka kwenye bega ukiwa uzi mnyoofu, mweupe, umekazwa kama waya. Unapita kando ya chumba cha rubani, unapanda juu ya bawa. Halafu, mahali fulani, bila kizuizi chochote mbele yake, uzi unapasuka: unavimba ghafla, unageuka fundo linalotapatapa, na kutawanyika. Kadiri rubani anavyozidi kuinua pua, ndivyo mahali pa kupasukia panavyosogea mbele. Vile vipande vya uzi vilivyobandikwa nyuma ya hapo, vilivyokuwa vimelala kwa adabu, huanza kurukaruka na kuelekea kila upande.

Kupasuka huko ndiko kulikokuwa kero ya F/A-18 tangu mwanzo. Ndege hiyo ina mikia miwili ya wima, imeinama kidogo nje, na imekaa palepale inapopita misokoto ya mabega. Mpangilio huo ulikuwa na maana yake, kwamba mikia ibaki na hewa hai ya kufanyia kazi ndege inapoinua pua. Msokoto ukiwa mzima, sawa. Ukipasuka mbele ya mikia, kinachoifikia ni mvurugo unaoipiga huku na huko mara nyingi kila sekunde, na chuma kinachopindwa mara nyingi, hata kwa kiasi kidogo, hatimaye hutoa ufa. Nyufa zikaonekana kwenye viungo vya mikia, mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Dawa iliyopatikana ni kibamba. Mwishoni mwa miaka ya 1980, juu ya kila bega kuliongezwa ukuta mdogo wa chuma uliosimama wima, mdogo kiasi kwamba mgeni anayeizunguka ndege hawezi kuutilia maanani. Ukuta huo huubadilisha msokoto na kupunguza kipigo kwenye mikia. Suala halikuishia hapo. NASA waliiingiza F/A-18 nzima, ya ukubwa halisi, kwenye handaki lao kubwa la upepo huko California. Na mjini Melbourne, Australia, wahandisi wakishirikiana na Kanada waliifunga sehemu ya nyuma ya ndege kwenye maabara, wakaisukuma kwa mifuko ya hewa iliyoiga mizigo ya kona na kuitingisha mikia kwa mashine zilizoiga mapigo ya kisulisuli, ili wajue chuma kitavumilia muda gani.

Kuna deni jingine la misokoto, zito kuliko nyufa. Kisulisuli hakifi ndege ikishapita. Huteremka taratibu na huweza kudumu dakika kadhaa, na ndiyo sababu waongozaji wa ndege huipa ndege ndogo nafasi kubwa ikiwa nyuma ya kubwa. Tarehe 8 Juni 1966, juu ya jangwa la California, ndege tano zenye injini za General Electric ziliruka kwa kukaribiana ili zipigwe picha. Katikati ilikuwa XB-70, ndege nyeupe kubwa mno ya mabawa ya pembetatu. Kando ya ncha ya bawa lake la kulia alikuwa Joe Walker kwenye F-104, rubani aliyewahi kupaa kilomita 108 kutoka ardhini kwa ndege ya roketi X-15 mwaka 1963. F-104 ikasogea mno, ikagusa ncha, msokoto ukaibeba na kuibingirisha juu ya mgongo wa XB-70, ikang’oa mikia yake yote miwili. Walker alikufa papo hapo. XB-70 iliendelea kuruka kwa sekunde chache kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha ikapoteza mwelekeo. Rubani wake Al White akafanikiwa kujirusha nje akiwa na majeraha, mwenzake Carl Cross akaanguka nayo. Hewa ya jangwani siku hiyo haikuchora uzi wowote wa kumwonya mtu.

Anayetaka kuona yote haya kwa ukaribu bila kulipa kiingilio huenda Wales. Kati ya miji ya Dolgellau na Machynlleth kuna mabonde ambayo marubani wa kijeshi huyatumia kufanya mazoezi ya kuruka chini, mengine wakiwa mita 76 tu kutoka ardhini. Wapiga picha wameyapa jina la Mach Loop. Hukaa kwenye miteremko wakiwa na thermosi za chai na makoti ya mvua, wakati mwingine kutwa nzima bila kupita hata ndege moja. Wanavumilia kwa sababu mbili. Hewa ya mabonde yale ina unyevu karibu mwaka mzima, na ndege hupita chini yao, hivyo wanauona mgongo wa bawa, upande ambao watazamaji wa ufukweni huuona kwa nadra.

F-15 ikiingia bondeni na kulala ubavu, ukungu huota juu ya mabawa yake kwa pamoja, pote kwa wakati mmoja. Huonekana umekatwa wima nyuma ya bawa kama kitambaa kilichopita kwenye mkasi, kwa kuwa hapo mgandamizo umerudi, hewa imepata joto lake na vitone vimekauka. Kitone kinachozaliwa mbele ya bawa kimeishi sehemu ndogo ya sekunde tu hadi kufika nyuma. Kwenye ncha nyuzi mbili hukaa kidogo zaidi, zinajinyonganyonga mita kadhaa, halafu zinafifia. Rubani akinyoosha mabawa, weupe wote unazimika kwa mara moja, na bondeni hubaki ngurumo inayofuata nyuma.